Sklerosisi ya sehemu nyingi: dalili na namna ya kuzimudu

Sklerosisi ya sehemu nyingi, kwa kifupi MS, ni maradhi sugu ya ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mielini, utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva. Utando ukiharibika, ujumbe huchelewa au hukatika njiani, na mahali hapo hubaki kovu gumu. Makovu hayo ndiyo aliyoyaeleza daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot mwaka 1868 katika hospitali ya Salpêtrière, Paris. Ugonjwa hauambukizi. Mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Dalili hutegemea kovu limekaa wapi, ndiyo maana wagonjwa wawili huweza wasifanane hata kidogo. Wengi huanzia jichoni: jicho moja huuma likigeuzwa, ukungu hutanda kwa siku chache, na rangi nyekundu huonekana imepauka kuliko inavyoonekana kwa jicho la pili. Wengine hufa ganzi miguu, au wakiinamisha kichwa huhisi kama umeme unashuka mgongoni. Misuli hukakamaa, mkojo hubana ghafla. Uchovu hulalamikiwa mno na huaminiwa kidogo, kwa kuwa hauonekani; jamaa hudhani ni uvivu.

Joto lina kisa chake. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa waliofifiwa na macho baada ya mazoezi. Neva zilizopoteza utando hushindwa kupitisha ujumbe joto la mwili likipanda hata nusu digrii. Kabla ya kipimo cha MRI, madaktari waliwahi kumwingiza mgonjwa kwenye maji ya moto ili waone kama dalili zitajitokeza. MS huonekana zaidi katika nchi za baridi zilizo mbali na ikweta, lakini anayeishi nayo Mombasa au Dar es Salaam huijua Februari vilivyo. Joto halileti kovu jipya. Mwili ukipoa, dalili hupungua. Feni, maji baridi, kitambaa kibichi shingoni na kazi nzito kufanywa alfajiri ni matibabu hasa, ingawa hayaandikwi kwenye karatasi ya dawa.

Shambulio jipya huhesabiwa pale dalili zinapodumu saa 24 au zaidi bila homa wala maambukizi. Sharti hilo la mwisho lina uzito wake kwetu, maana malaria au maambukizi ya njia ya mkojo (U.T.I.) huweza kuamsha dalili za zamani zikaonekana mpya. Mgonjwa apimwe kwanza. Shambulio la kweli hutibiwa kwa dripu ya methiliprednisoloni, kwa kawaida gramu 1 kwa siku kwa siku 3 hadi 5. Huharakisha nafuu, haibadilishi mwendo wa ugonjwa.

Kazi ya kupunguza mashambulio ni ya dawa nyingine. Marekani iliidhinisha interferoni beta mwaka 1993, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kladribini, glatirama na rituksimabu kwenye orodha ya dawa muhimu. Kabla ya kuzianza, daktari huhakikisha si neuromielitisi optika, maradhi yanayofanana na MS ambayo interferoni huweza kuyazidisha.

Kwa uchovu, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 halikuona modafinili wala amantadini zikishinda vidonge visivyo na dawa. Kinachosaidia zaidi ni mazoezi ya kiasi, usingizi, na kutibu sonona au upungufu wa damu kama vipo. Kibofu kisichotulia hupewa oksibutinini, baada ya kuhakikisha kwamba mkojo unatoka wote.

Mkakamao wa misuli hutibiwa kwa mazoezi ya viungo na baklofeni, ikianzwa kwa dozi ndogo. Ikizidi, miguu hulegea, na mgonjwa aliyekuwa akisimama kwa nguvu ya ule mkakamao huanza kuanguka. Isiachwe ghafla pia: huweza kuleta degedege na kuona visivyokuwepo.