HISABATI: Jinsi ya kupata kikoa cha fanksheni kwa aljebra

Mwanafunzi anaweza kukokotoa hesabu bila kukosea hata hatua moja, na bado akapata jibu lisilowezekana. Mara nyingi chanzo ni kupuuza kikoa, yaani namba zote zinazokubalika kuingizwa katika fanksheni.

Mfano ni wa watu x wanaokodi mashua kutoka Shimoni hadi kisiwa cha Wasini, Kaunti ya Kwale, kwa Sh6,000. Miongoni mwao wamo waelekezi wawili wasiolipa. Kila mlipaji atatoa f(x) = 6,000 ÷ (x – 2). Watu wakiwa 14, kila mlipaji hutoa Sh500. Wakiwa 2, asili huwa sifuri, na hakuna namba inayoweza kugawanywa kwa sifuri.

Kanuni ya kwanza basi ni kusawazisha asili na sifuri, kutafuta x, kisha kuiondoa namba hiyo. Hapa x – 2 = 0, hivyo kikoa ni namba zote isipokuwa 2.

Kanuni ya pili yahusu kipeuo cha pili. Mwenye shamba la mita x za mraba huko Msambweni akitenga mita 100 za mraba kuwa njia, upande wa mraba wenye eneo sawa na lililobaki ni g(x) = √(x – 100). Namba hasi haina kipeuo cha pili miongoni mwa namba halisi. Kwa hivyo x – 100 ≥ 0, yaani x ≥ 100.

Kanuni zote mbili zikikutana, kila moja hutimizwa. Katika h(x) = √(x – 3) ÷ (x – 7), x ni 3 au zaidi, lakini si 7.

Wengi hunaswa na (x² – 9) ÷ (x – 3). Ikirahisishwa huwa x + 3, lakini 3 bado haimo katika kikoa, kwa kuwa kikoa hutafutwa kabla ya kurahisisha.

Hatimaye, hali halisi hupunguza kikoa zaidi. Aljebra haikatai x = 1 katika hesabu ya mashua, ingawa jibu ni –6,000. Lakini hakuna nauli iliyo hasi, wala abiria nusu. Kwa nahodha na abiria wake, kikoa ni namba kamili kuanzia 3 hadi idadi ambayo mashua inaweza kubeba kwa usalama.