Risasi katika Vyombo vya Udongo

Vyungu vya mama zetu huchomwa motoni, navyo hutoka bila mng'ao. Vyombo vingine vya udongo hung'aa kama kioo, kwa sababu mfinyanzi amevipaka unga uliochanganywa na maji, akavitia katika tanuri hata unga ukayeyuka. Tangu zamani za Waroma watu walitia madini ya risasi katika unga huo, maana huyeyuka upesi na kung'aa vizuri. Lakini risasi huua hata pasipo bunduki.

Huko Staffordshire, nchi ya Uingereza, wafinyanzi walikuwa wengi sana. Katika karne ya 19 wanaume, wanawake na vijana walichovya sahani katika maji ya risasi siku nzima. Vumbi lake likawaingia kinywani. Wakaugua msokoto wa tumbo, viganja vikalegea, wengine wakapofuka, na wanawake wakaharibikiwa mimba.

Mwaka 1898 serikali iliwaagiza Thomas Edward Thorpe, mkemia, na daktari Thomas Oliver wachunguze jambo hilo. Thorpe alifikiri hivi: risasi inayodhuru ni ile inayoyeyuka tumboni. Basi alitwaa unga wa mng'ao, akautikisa muda wa saa moja katika asidi hafifu, mfano wa maji makali ya tumbo letu, kisha akapima risasi iliyoyeyuka. Risasi mbichi iliyeyuka sana. Lakini ikiunguzwa kwanza pamoja na mchanga mpaka iwe kioo, ndipo isagwe, huyeyuka kidogo tu. Mabishano yalidumu miaka mingi. Mwaka 1947 Uingereza ilikataza risasi mbichi katika viwanda hivyo.

Hivyo wafinyanzi walikingwa. Je, wenye kula na kunywa? Mwaka 1970 waganga wa Montreal, nchi ya Kanada, walitangaza kifo cha mtoto mdogo aliyekunywa maji ya matofaa yaliyowekwa katika mtungi wenye mng'ao mbaya. Wakapima vyombo vingine vingi, wakaona nusu yake havifai kwa chakula. Siku hizi nchi nyingi hutumia kipimo hiki: chombo hujazwa asidi ya siki, sehemu 4 katika 100, hukaa saa 24, kisha maabara hupima risasi iliyotoka.

Tuangalie vema. Siki inayofichua sumu ndiyo inayoitoa. Jikoni mwetu malimau, nyanya na pombe iliyochacha hufanya kazi ile ile, ila hakuna anayepima, na ulimi hautambui kitu. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Nayo huharibu zaidi ubongo wa watoto.

Basi, chombo king'aacho tusichojua kilikotoka kiwe pambo la nyumba. Vitu vikali tuviweke katika chupa ya kioo, na watoto wetu tusiwanyweshe katika chombo ambacho hakuna aliyekipima.