Kaakaa baina ya Isimu na Tiba ya Meno: Historia ya Istilahi na Haja ya Bujumbura

Mnamo mwaka 1860, Emerson Angell, daktari wa meno wa San Francisco, Marekani, alichapisha taarifa ambayo wenzake waliitilia shaka. Alikuwa amemtia binti wa miaka 14 kifaa chenye skrubu, kilichokazwa baina ya meno ya pande mbili za taya la juu. Binti alikabidhiwa ufunguo ili aikaze skrubu mwenyewe. Baada ya wiki mbili taya lilikuwa limepanuka na mwanya umetokea kati ya meno mawili ya mbele. Kwa Angell, mwanya ule ulithibitisha kwamba mifupa miwili ya taya imeachana. Wapinzani walishikilia kuwa hilo haliwezekani. Picha za eksirei, ambazo zingemaliza ubishi, zilikuja mwaka 1895. Hata hivyo, ni kazi za Andrew Haas, kuanzia 1961, zilizoirudishia mbinu hiyo heshima nchini Marekani.

Mbinu hii hutegemea mshono unaopita katikati ya kaakaa gumu, ambao kwa mtoto anayekua bado haujashikamana. Taya la juu likiwa jembamba, meno yake ya pembeni huangukia ndani ya yale ya chini. Mtoto husogeza taya la chini upande mmoja apate kutafuna, na uso unaweza kukua kwa upogo.

Kaakaa si neno geni. Wanaisimu wamelitumia kwa miongo kadhaa kueleza matamshi ya sauti kama *ny*, kiasi kwamba limekuwa kama mali ya fonetiki. Huko Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao Kiswahili kimezungumzwa tangu mji ukiitwa Usumbura, mzazi hukutana na tiba iliyosomewa kwa Kifaransa. Humo kaakaa ni *palais*, neno ambalo pia ni jumba la mfalme. Tafsiri ya papo kwa papo haimfai mzazi huyo. *Mshono wa kaakaa* ungemfaa zaidi: mshono anaujua kila mwenye cherehani, naye hahitaji kuelezwa kwamba ulio wazi hupanuliwa kwa urahisi kuliko uliokwisha kufungwa.

Kinachopotea maelezo yasipoeleweka ni muda. Mzazi husubiri meno yajipange yenyewe, ilhali baada ya ujana mshono hukaza, na kwa mtu mzima mara nyingi skrubu haitoshi bila upasuaji.