Neno Lililozaliwa Madirishani mwa Prague

Kiingereza kina neno "defenestration", maana yake kumtupa mtu nje kupitia dirisha. Limeundwa kwa Kilatini: "de", yaani kutoka, na "fenestra", yaani dirisha. Kitendo chenyewe kina mji wake: Prague.

Mwaka 1419 wafuasi wa mhubiri Jan Želivský walivamia ukumbi wa mji na kuwarusha madiwani dirishani. Hawakusalimika.

Tarehe 23 Mei 1618 ikafika zamu ya kasri. Makabaila wa Kiprotestanti, waliochoka kubanwa katika ibada zao, waliwakamata magavana wawili wa mfalme, Vilém Slavata na Jaroslav Bořita. Slavata aling'ang'ania ukingo wa dirisha mpaka alipopigwa vidole kwa mpini wa jambia. Karani wao, Filip Fabricius, naye akarushwa. Walianguka takriban mita 21, na wote watatu wakapona! Wakatoliki walimshukuru Bikira Maria. Waprotestanti wakadai waliangukia lundo la samadi.

Fabricius baadaye alipewa ukabaila, kwa jina la Kijerumani lenye maana ya anguko la juu. Ulaya haikupona kirahisi hivyo: tukio hilo liliwasha Vita vya Miaka 30, vilivyomalizika mwaka 1648.