Habari za Ngozi za Watoto, Tangu Buba Hata Leo

Katika Tibirinzi, mtaa wa mji wa Chake Chake, kama mahali pote pa pwani, wazazi wana majina mengi kwa ngozi ya mtoto: upele, choa, mapunye, ukurutu, majipu. Majina yapo, lakini ugonjwa wenyewe hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Mwenye homa huchukuliwa hospitali siku ile ile. Mwenye upele huambiwa asijikune.

Zamani ngozi iliogopwa zaidi, maana palikuwa na buba. Kijidudu chake alikigundua Aldo Castellani mwaka 1905 huko Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Buba huwashika hasa watoto, hupita kwa kugusana tu, na ukiachwa miaka mingi huweza kuharibu mifupa na pua. Katika miaka ya 1920, Tanganyika na Kenya, waganga wa serikali na wa misheni walipiga sindano za madini ya bismuthi, na watu wakawajia makundi makundi. Vidonda vilikauka upesi, na hapo ndipo shida ilipoanzia: wengi walipoona ngozi imekuwa safi walirudi mashambani bila kumaliza sindano zao, na buba ikawarudia. Kisha ikaja penisilini, ambayo sindano moja yatosha. Tangu 1952 hata 1964 Shirika la Afya la Ulimwengu pamoja na UNICEF walifanya kazi katika nchi 46, wakatibu watu wapata milioni 50, na ugonjwa ukapungua kwa 95 katika mia.

Naona ya kuwa ushindi ule ulituletea usingizi. Hofu ya buba ilipopungua, yale mengine yaliachiwa wauza dawa, na madaktari wa ngozi walikuwa wachache mno, nao wakikaa katika miji mikubwa. Basi mwaka 1992 ilianzishwa Moshi, penye hospitali ya KCMC, shule ya magonjwa ya ngozi kwa nchi zetu, akiiongoza Profesa Henning Grossmann. Hospitali yenyewe ilifunguliwa 1971 kwa juhudi za makanisa. Shule ile ilifanya jambo la busara: haikungoja madaktari wakubwa tu, bali iliwachukua matabibu wa kawaida, ikawafundisha miaka miwili, ikawarudisha kwao. Kutoka Tibirinzi hata Moshi ni bahari na bara. Ni heri tabibu mmoja asafiri akajifunze kuliko watoto mia wasafiri wakatibiwe.

Tena kazi yenyewe yataka jicho lililofundishwa. Mapunye hukaa ndani ya mzizi wa unywele, mahali ambapo mafuta ya kupaka hayafiki. Hutaka dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa. Mzazi akinunua dukani dawa ya kupaka yenye nguvu ya kutuliza mwasho, choa chaweza kufifia kidogo, kisha kikaenea chini kwa chini kikakosa hata sura yake, na tabibu akasumbuka kukitambua. Upele nao si wa mtoto peke yake. Mdudu wake huchimba ngozini na kutaga mayai, na mtu ambaye hajapata kuugua huweza kukaa majuma manne au sita kabla ya kuwashwa. Kwa hiyo nyumba nzima hupakwa dawa siku moja, hata wasiojikuna, na kurudia baadaye. Vidonda vya kujikuna vikiingia usaha, madhara huweza kufika figo. Mwalimu amfukuzaye mtoto darasani kwa sababu ya upele humrudisha penye ugonjwa ule ule.

Unguja na Pemba zilipata faida ambayo haikutazamiwa. Tangu 2001 watu wa visiwa hivi walipewa kila mwaka dawa mbili, ivermectini na albendazoli, ili kuondoa matende. Ivermectini humwua pia mdudu wa upele. Ilipochunguzwa hesabu ya vituo vya afya, wagonjwa wa upele walionekana kupungua sana, wala hakuna aliyekuwa ametoka nyumbani kwenda kutafuta dawa ya upele.

Lakini ivermectini haikutolewa kwa watoto wasiofikia kimo cha sentimita 90. Hao ndio wanaolala kifuani pa mama na kubebwa na dada zao, na wao bado huhitaji kuletwa mbele ya tabibu atakayewafunua vidole kimoja kimoja na kutazama katikati yake.