Serikali Mbili Katika Nchi Moja

Wasomaji wetu walijua lile neno la Injili juu ya mabwana wawili. Huko Marekani kila raia anazo serikali mbili, ya jimbo lake na iliyo kuu. Yawezekanaje?

Tokea mwaka 1781 majimbo 13 yalifungamana kwa mapatano dhaifu. Baraza lao kuu halikuwa na amri ya kutoza kodi; liliomba tu, nayo majimbo yakatoa yalivyopenda. Hata askari waliopigania uhuru walikaa wakingojea mishahara yao. Ndipo wajumbe wakakutana Philadelphia mwaka 1787, wakaandika katiba. Mambo ya vita na sarafu yakawa ya serikali kuu. Na nyongeza ya mwaka 1791 ikayaachia majimbo, au watu wenyewe, mamlaka yaliyosalia.

Lakini mpaka wa shamba hujulikana siku ya ugomvi. Mwaka 1818 jimbo la Maryland liliitoza kodi Benki ya Marekani, iliyoundwa na Baraza kuu. Mshika fedha wa tawi la Baltimore, James McCulloch, akakataa kulipa. Mwaka 1819 jaji mkuu John Marshall akaamua ya kuwa, ijapokuwa katiba haikutaja benki, serikali kuu yaweza kuiweka ili itimize kazi zake. Wala jimbo haliwezi kuitoza, kwani kodi yaweza kuua kitu kinachotozwa. Sisi twaiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Watu wengi wa Virginia waliishambulia magazetini, na Marshall mwenyewe akawajibu humo humo, kwa jina la kubuni.