Kutoka Ilboru hadi Tengeru: historia ya vipanga chini ya Meru

Kila mwaka TAMISEMI inapotangaza waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, ipo orodha fupi inayotafutwa kabla ya nyingine zote: ile ya shule za vipaji maalumu. Kwa wavulana, Ilboru imo humo pamoja na Kibaha, Mzumbe na Tabora Boys. Anayepangiwa huko, mtaani hupewa jina moja tu: kipanga.

Ilboru ilianzishwa na Walutheri mwaka 1946, kaskazini mwa mji wa Arusha, kwenye miteremko ya Meru yenye migomba na kahawa. Enzi hizo nafasi za sekondari kwa Mwafrika wa Tanganyika zilikuwa chache mno, hivyo kuingia tu kulikuwa mchujo tosha. Sheria ya Elimu ya 1969 iliipa serikali njia ya kuzichukua shule za mashirika ya dini. Ilboru ikawa ya umma, na baadaye ikaingizwa katika kundi la shule za vipaji maalumu.

Ajabu ni kwamba mji huu ndio uliozaa Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akikemea shule inayowachomoa wachache na kuwafanya wajione watu wa daraja jingine, juu ya wakulima wanaowasomesha. Azimio la Musoma la 1974 likaenda mbali zaidi. Aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kupita jeshi la kujenga taifa, kisha afanye kazi kwanza, na mwenendo wake utolewe ushuhuda kabla hajakanyaga chuo kikuu. Alama peke yake hazikumtosha tena. Sharti hilo lilikuja kulegezwa, lakini swali lake halijafa: kipanga anasoma kwa ajili ya nani?

Nchi ilihitaji madaktari, wahandisi na walimu wa hesabu, na isingeweza kuviacha vipaji vyake vijitafutie njia. Ikachuja, ila kwa mtihani wa taifa, ili mtoto wa mfugaji wa Longido asimame mstari mmoja na mtoto wa bwana mkubwa wa mjini. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi. Upungufu wake ulikuwa kwa wasichana: shule zao za vipaji maalumu ni Kilakala ya Morogoro, Msalato ya Dodoma na Tabora Girls. Binti hodari wa Arumeru ilibidi aage mlima wake.

Mafundisho ya 1967 hayakufutika yote. Chukua fomu ya kujiunga na shule ya bweni ya serikali usome orodha ya mahitaji. Baada ya godoro, shuka na rimu ya karatasi, utakuta ndoo, fagio na jembe lenye mpini. Kipanga anashuka kwenye basi na begi la vitabu mkono mmoja, jembe mkono wa pili.

Tatizo linaanza chuoni. Kwa desturi yetu, heshima ya shahada huhesabiwa mwisho wa safari: ukimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na GPA ya 4.4 au zaidi, umepata daraja la kwanza. Marekani, chuo cha Swarthmore kilifungua njia nyingine mwaka 1922 chini ya Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford. Mwanafunzi mwenye ari huingia katika mpango wa heshima miaka miwili ya mwisho, akasoma katika vikundi vidogo vya mjadala, kisha akatahiniwa na wataalamu kutoka nje ya chuo. Heshima hapo ni kazi anayoifanya akiwa bado mwanafunzi.

Kwetu hatua zimeanza kuonekana, hasa upande wa fedha. Mwaka wa masomo 2022/23 ulianza Ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, na mwaka 2025 vijana 50 wa kundi hilo waliwekwa kambini Tengeru, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, kuandaliwa kwa masomo ya sayansi ya data na akili unde. Taasisi hiyo, iliyozinduliwa na Rais Kikwete Novemba 2012, hufundisha shahada za uzamili na uzamivu.

Vijana hao 50 wana bahati. Lakini barabara ya Moshi ina Makumira, iliyoanza kama chuo cha theolojia mwaka 1954 na leo ni chuo kikuu, na Chuo Kikuu cha Arusha kiko jirani yake Usa River. Kutoka huko hadi Tengeru ni daladala moja. Wakuu wa vyuo hivi, kaeni meza moja: mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye ari apewe mjadala wa kila wiki, msimamizi wa utafiti, na ruhusa ya kuingia maabara za Tengeru.